Dawa ya Wawili

Nimeshusha bei ya vitu vingi maishani. Vitenge, sabuni, baiskeli isiyo na mnyororo, na mara moja hata jeneza, nilipotumwa na wenye msiba. Sioni haya kwa lolote kati ya hayo. Ninaona haya kwa siku ile niliyoketi mbele ya mzee wa Kihindi, mke wangu ubavuni, nikajaribu kushusha bei ya kupata mtoto.

Ilikuwa miaka ya Zaïre, tulipokuwa tukiitana sitwayeni, yaani raia, hata na mtu aliyekuibia kuku. Tulikaa Kapata, mtaa wa Kolwezi, katika safu za nyumba za kampuni ya machimbo. Mimi sikuwa mfanyakazi wa kampuni. Nyumba ilikuwa ya binamu yangu wa machimboni, naye alipenda kulala Musonoi karibu na kazi, na karibu na mwanamke mmoja, lakini hayo ni yake. Ukuta wetu ulikuwa pia ukuta wa jirani. Ukikohoa, jirani anakuambia pole. Kwa hiyo walijua wa upande huu na wa upande ule kwamba mwaka wa tano wa ndoa yetu unaisha na humo ndani hakijasikika kilio cha mtoto.

Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake la usichana linafungiwa sandukuni. Anakuwa mama wa fulani mpaka kufa. Mke wangu hakuwa na huyo fulani. Bombani wenzake walipomsalimu walianza, "Jambo, mama...", kisha wakasita, kama mtu aliyenyoosha mguu kutafuta ngazi isiyokuwepo. Nilimwona akijizoeza kuitika haraka, ili ule upungufu usisikike.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyenilea. Alikuwa ametoka mashariki pamoja na jamaa zetu Waislamu, wachuuzi na wasafirishaji, akazeeka Kolwezi, na katika ukoo neno la mwisho likawa lake. Siku moja alikuja, akakataa kiti, akasemea mlangoni kwa sauti ya kutosha kuta zote mbili:

"Mi nimengoya ya kutosha. Mufungo ikiisha, jamaa yote itaikala chini. Kama tumbo yake ingali tupu, tutamurudisha kwa baba yake, kule Kasaji, na heshima yote. Hatuna bubaya naye. Lakini mutu hazeekake na nyumba tupu."

Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia akipepeta mchele. Sauti ya ungo haikukatika. Nikahesabu miezi mpaka mwisho wa mfungo: minane. Nikahesabu tena. Minane.

Nilimpenda. Naliweka hilo wazi mapema, msomaji asije akadhani haya yalitokea kwa sababu upendo haukuwepo. Ulikuwepo. Ulikuwa umekaa pale pale, unatazama.

Waganga tulikuwa tumeshapita kwa watatu. Wote watatu walimtazama yeye tu, wakampa yeye mizizi, wakamkataza yeye pilipili. Mimi nilikaa nje na wanaume wengine tukizungumza habari za mpira. Niliona ndivyo mambo yanavyokwenda.

Vitenge nilivyochuuza nilivichukua Ndola, ng'ambo ya mpaka, kwa mfanyabiashara wa Kihindi. Baba yake mzee alikaa chumba cha nyuma ya duka, katikati ya makopo na mitungi. Alikuwa tabibu wa elimu ya kwao, ile wanayoiita Ayurveda, na kwa kuwa ujana wake aliumalizia Tanga, Kiswahili chake kilitufanya sisi wa Kolwezi tuonekane tunatafuna mawe. Nilimweleza shida yangu nikiwa nimesimama, kama mtu anayeuliza bei akiwa na safari. Akasema hampi mwanamke dawa kupitia mdomo wa mumewe. Nimlete.

Tukaenda, siku mbili katika lori, mke wangu kati yangu na dereva.

Mzee alimwekea vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo ya damu. Kisha akauliza maswali. Analalaje? Choo kinapatikana kila siku? Miguu ni ya baridi? Anakula nini asubuhi? Na kitu gani kinamkasirisha? Katika miaka mitano sikuwa nimesikia mtu akimwuliza hilo, nami nilitega sikio kama mgeni.

"Kuulizwa-ulizwa," akajibu mke wangu.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Halafu akanigeukia. "Haya bwana, lete mkono."

"Mimi?"

"Kuna bwana mwingine humu?"

Nilimpa mkono jinsi unavyompa askari wa barabarani kitambulisho. Akaniuliza yale yale: usingizi, choo, chakula, joto la kiti cha lori siku nzima, sigara ngapi. Nikasema tatu. Mke wangu akatazama dari. Akaniuliza na pombe, nikasema sisi ni Waislamu. Mke wangu akaendelea na dari.

Mzee akafuta miwani. "Mtoto anataka vitu vinne," alisema. "Majira, shamba, maji, mbegu. Majira ni siku za mama, hizo mtazihesabu. Shamba ni tumbo lake. Maji ni lishe, kile kinachomfikia mtoto humo ndani. Mbegu ni yenu wote wawili. Kimoja kikiharibika, mavuno hakuna. Ni mkulima gani analima miaka mitano, kila mwaka analaumu udongo, na hajafungua gunia la mbegu akatazama?"

Akapanga dawa mezani. Kwanza kila mmoja asafishe tumbo kwa mafuta ya mbarika, apumzike, ale uji mwepesi wa mchele. Kisha miezi mitatu ya unga wa mizizi, kila asubuhi, katika maziwa ya moto yenye kijiko cha samli. Pakiti ya mke wangu ilikuwa ya shatavari na mizizi mingine michungu. Yangu ilikuwa ya ashwagandha, mzizi ambao mzee alisema umepewa jina lake kwa kuwa unanuka farasi. Alifungua ninuse. Sijawahi kukaa na farasi, lakini nilimwamini.

Akataja bei. Na hapo mdomo wangu ulifanya kazi uliyoizoea, kabla kichwa hakijafika.

"Mzee," nikasema, "tuseme tunatoa mbegu. Mbegu ninaijua, haina shida. Tukiitoa, inabaki bei gani?"

Alidhani natania, akaanza kucheka. Alipoona nangoja jibu, kicheko kikamwishia mdomoni. "Bwana, hii ni dawa ya wawili. Nusu siiuzi."

Mke wangu alikuwa akitazama mikono yake. Nililipa yote, baada ya kumfanya aongeze kopo la samli bila malipo, na nilitoka pale nikijihesabu mshindi.

Siku ya mbarika, mke wangu alikwenda chooni mara tisa. Najua kwa sababu jirani alihesabu pia. Mimi nilisema yangu nitaifanya wiki inayofuata, kazi ikipungua, nikachukua baiskeli kwenda kuuza Musonoi na pakiti yangu mfukoni. Sikuwa nimepanga kitu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Musonoi, ukingoni mwa lile shimo kubwa la machimbo, nilikuwa na mteja, mwendesha mashine, mtu wa asili ya Kasai, Mkristo mwenye adabu. Siku hiyo hakutaka kitenge. Alisema nyumbani kwake hakuna furaha ya kuvalishana kitenge. Bibi yake mwaka wa pili huu bila mimba, na wakwe wameanza kukohoa. Mkono wangu ukaingia mfukoni.

"Tata," nikamwambia, "hii ni ya Bahindi. Ya mwanaume. Na maziwa, kila asubuhi."

"Nawe uko unauza mpaka hii?"

"Mi nauzaka kila kitu, tata. Njo kazi yangu."

Sikupata faida yoyote. Watu walionijua wangeelewa kutokana na hilo peke yake kwamba nilikuwa naficha jambo. Nilichokuwa naficha ni hofu. Kuinywa ile dawa kulikuwa ni kusema, asubuhi baada ya asubuhi, mbele ya mke wangu na mbele ya kikombe, kwamba huenda ni mimi. Kwa miaka mitano jambo hili lilikuwa limelala upande wake wa kitanda. Sikutaka lihamie kwangu.

Lakini mke wangu alikuwa amemsikia mzee. Alijua pakiti ni mbili. Kwa hiyo kabla ya kurudi Kapata nilipitia kwa mama mmoja wa sokoni, nikampa karanga za kukaanga na tangawizi kavu anitwangie laini. Nikamwambia ni za uji. Nikaongeza sukari, nikajaza katika kopo la maziwa, nikafunga.

Asubuhi, baada ya swala, alikoroga vikombe viwili. Chake kilimkunja uso mpaka kwenye masikio. Alikuwa akiziba pua, anakimeza chote kwa mara moja, anapiga mguu chini, kisha anacheka. Mimi nilikunywa changu taratibu. Kilikuwa kitamu.

"Yako inanukia muzuri," aliniambia wiki ya kwanza. "Sawa bale banachoma karanga."

"Kila mutu na mwili yake."

"Na ile farasi?"

"Farasi inatoka kama maziwa ni ya moto."

Alifikiri kidogo. "Tubadirishane, siku moja tu. Nione."

"Aba! Unataka kuota ndevu? Muzee alikataza."

Mzee hakukataza chochote. Mke wangu akacheka, akaziba pua, akanywa. Tulikuwa karibu sana siku zile, na hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine. Aliamini tuko pamoja katika jambo gumu. Alianza kunisimulia vitu ambavyo hakuwahi kunisimulia, habari za mama yake, habari za nyumba ya Kasaji iliyotikisika treni ikipita. Siku zake tuliziandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa jikoni, naye alinipa mimi kazi ya kuhesabu, kwa kuwa mimi ndiye mwenye hesabu. Nilizihesabu mara mbili, sikukosea hata moja. Nilimletea samli, nilimletea tende na ufuta, nilimtafutia maziwa ya kopo wiki ambazo maduka yalikuwa na kuta tu. Kila kitu ambacho hakikunihukumu nilikifanya kwa bidii.

Mwezi wa tatu ulikuwa unakaribia mwisho, Jumapili, tukasikia hodi. Alikuwa yule mwendesha mashine, ametoka misa, amevaa abakosti, ile suti ya Zaïre isiyovaliwa na tai, iliyopigwa pasi, na kuku jike mikononi.

"Tata! Mama!" Sauti yake ilikuwa imezoea kushindana na mashine. "Nimeleta kuku. Ile dawa yako ilifanya kazi. Bibi yangu eko na mimba!"

Mke wangu alimpa kiti, akampa maji, akampokea kuku. Nilijaribu kumtoa mgeni nje kwa habari ya vitenge vipya. Hakutoka.

"Hongera, tata," mke wangu alisema. "Ni dawa gani?"

"Ile ya Bahindi, mama. Bwana yako aliniuzia. Ya kunywa na maziwa." Akatikisa kichwa kwa kuikumbuka. "Lakini inanuka, mama! Bibi yangu alikuwa anakimbilia inje. Alisema, heri nibakie bila mutoto, kuliko kulala na munyama."

Alicheka peke yake, akamaliza maji, akatubariki, akaenda. Baadaye nilizihesabu wiki za mke wake, na nikazihesabu tena, na nikaona huenda mimba ilitangulia dawa. Hesabu ilikuwa nzuri. Haikunifaa kitu.

Mke wangu alimfunga kuku mguu kwenye meza. Akashusha kopo langu, akachovya kidole, akaonja.

"Karanga," akasema.

Akachovya tena. "Na tangawizi. Uliweka na sukari."

Mimi nikamtazama kuku.

"Ulizitwanga saa gani? Mi ningekusikia."

"Sokoni. Mama mumoja."

"Kumbe soko yote inajua."

"Hapana. Nilimwambia ni ya buji."

Alinitazama kana kwamba hilo, la uji, ndilo lililomshangaza zaidi. Hakupiga kelele. Alifunga kopo, akalirudisha mahali pake, akatoka kuanua nguo. Kesho yake asubuhi alikoroga kikombe kimoja. Akaziba pua, akanywa, bila kucheka. Aliendelea hivyo kila asubuhi mpaka pakiti yake ikaisha. Sikumwuliza kwa nini. Mimi nilikuwa nakunywa chai, nikiwa nimesimama.

Mfungo ukaja, ukaisha. Siku ya tatu baada ya Idi, jamaa ikakaa kwa shangazi. Baba yake alikuja kwa treni kutoka Kasaji, mtu mfupi aliyeshika kofia kwa mikono miwili. Tulikuwa saba juu ya mkeka. Nilihesabu tena, ili macho yangu yapate kazi.

Shangazi alizungumza vizuri, siwezi kumsingizia. Alimsifu mke wangu kwa upishi, kwa usafi, kwa ulimi mfupi. Alisema damu nyingine hazikutani, si kosa la mtu. Baba mkwe alisema tu, "Mutoto wangu hajakosa kazi ya mukono."

Kisha shangazi akamgeukia mke wangu. "Nawe, mwanangu, uko na neno?"

"Neno iko, mama. Lakini si mi wa kuisema. Ni ya bwana yangu. Mumuulize."

Wote wakanitazama. Yeye hakunitazama. Nilielewa alichokifanya: alikuwa amenifungulia mlango, na hakutaka kunisukuma. Angeweza kunivua nguo mbele ya baba yake na mbele ya ukoo wangu, kwa haki kabisa, na tayari alikuwa na karanga za ushahidi. Badala yake aliniachia nitembee mwenyewe. Mimi sikunywa dawa yangu. Maneno manne. Yalikuwa mdomoni, niliyahesabu, manne.

"Tumwachie Mungu," nikasema.

Wote wakaitikia amina. Neno la Mungu halibishaniwi, na mimi nililitumia kwa sababu hiyo hiyo. Mke wangu akainua ncha ya kitenge, akajifunga kichwa upya, polepole, kama mtu anayejitayarisha kwenda safari. Mambo yakaisha kabla chai haijapoa.

Kesho yake niliwasindikiza mpaka stesheni. Nilibeba sanduku lake, nikaliingiza ndani ya behewa, na baba yake alipokwenda kutafuta maji, nikaanza.

"Bakia miezi sita. Nitarudi Ndola, nitanunua ingine, nitakunywa mbele yako."

Akalisogeza sanduku chini ya kiti.

"Mitatu, basi. Hata mumoja. Nitasema kwa shangazi, leo hii."

"Usinishushie," akasema, kwa upole. Kisha akaongeza, akitazama nje ya dirisha: "Ungekunywa tu. Hata mutoto asingekuya. Unafikiri mi nilikuwa nakunywa na mutoto? Nilikuwa nakunywa na wewe."

Baba yake akarudi na chupa ya maji. Akaniambia, "Shuka, mwanangu, inaenda." Aliniita mwanangu. Nikashuka.

Kutoka stesheni nilikwenda moja kwa moja kwa shangazi. Alikuwa anakunja ule mkeka. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: pakiti, Musonoi, karanga, na kile alichosema mzee wa Ndola kuhusu mbegu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaketi juu ya mkeka uliokunjwa nusu.

"Kwa nini hukusema jana?"

Nikasema sijui.

"Nilikuuliza mbele ya batu wote. Nilikungoya."

"Ninajua, shangazi."

Alikaa akisugua goti. Nilidhani ataniambia nikimbilie treni, nichukue lori, niifikie Kasaji kabla yao. Nusu yangu ilikuwa tayari kwenda. Nusu nyingine ilikuwa inangoja aseme kitu kingine, naye akakisema.

"Sasa imeisha. Ukisema sasa, tutakuwa tumefukuza mutoto wa batu bure, na baba yake alikuwa pale. Tutaficha uso wapi? Nyamaza tu. Muhangaiko itapita."

Ilikuwa bei ya kwanza maishani mwangu niliyoipokea bila kuongeza wala kupunguza. Nikamsaidia kumaliza kukunja mkeka.

Miaka kadhaa baadaye, mchuuzi mmoja wa mahindi alikuwa akipakua magunia Kapata, anasimulia habari za Kasaji: nani amekufa, nani ameoa, nani amejenga kwa matofali. Akataja nyumba ya yule mzee mfupi wa karibu na stesheni. Binti yake, alisema, ameolewa na fundi wa reli, ana watoto wawili. Nikamwuliza tena ni wangapi. Wawili, akasema, na wa tatu yuko njiani.

"Unamujua yule mama?" akaniuliza.

Nikamwambia zamani nilikuwa nikinunua mahindi kwa baba yake.